Feni ya moteri inapokataa kuzunguka

Katika somo la umeme wengi wetu huuliza: hizi volti na ohm zitatusaidia nini nyumbani? Leo tunazipeleka garagi. Tunataka kusema juu ya feni ya kupoza moteri, na zaidi ile feni ambayo fundi ameibadilisha, kwa maana magari kadhaa yanayopandisha samaki kutoka Kyavinyonge, kupitia Kyondo, mpaka Butembo, hayako tena sawa vile kiwanda kiliyatengeneza.

Gari la zamani lina feni inayozungushwa na mkanda wa moteri. Mkanda ukiwa mzima feni inazunguka, basi. Lakini mabawa yakivunjika, na mengine ya namna ile hayapatikani, fundi anatia feni ya umeme aliyoitoa kwenye gari lingine. Si kazi mbaya hata kidogo. Ila sasa ameongeza waya, fizibo, rele na swichi ya joto, vitu ambavyo gari halikuzaliwa navyo. Siku feni inasimama, mwenye gari hukimbilia kununua feni nyingine, kumbe ile ya kwanza ni nzima kabisa na ubaya uko katika vile vilivyoongezwa.

Ziwa Edward liko kwenye metre 912 juu ya bahari, na Butembo iko juu ya metre 1 700. Gari lenye mzigo linapanda polepole kwa vitesi vya chini: moteri inatoa joto jingi, na upepo wa mwendo ni kidogo. Hapo feni ndiyo yenye kazi yote. Kwenye tambarare, gari likienda mbio, upepo wenyewe unaingia katika radiateri, na feni inaweza kufa juma zima bila shofere kujua. Anakuja kujua mlimani. Samaki wanaoza juani, na mama aliyewanunua kwa deni anabaki na deni lake. Tena moteri ikichemka sana, gasketi iliyo kati ya bloki na kichwa cha moteri inaungua, na hiyo si kazi ya kutengenezea njiani.

Sasa jambo ambalo mafundi wengine hawalifikiri. Kwenye usawa wa bahari maji yanachemka kwa digri 100. Hapa kwetu, kwa kuwa hewa ni nyepesi, kando ya ziwa yanachemka kwa digri 97 hivi, na Butembo kwa 94 tu. Kifuniko cha radiateri ndicho kinachotuokoa: kikiwa kizima kinabana maji, yanaweza kupita digri 110 bila kuchemka. Lakini kifuniko kikiwa kimechoka, na swichi ya joto iliyotolewa kwenye gari lingine inangoja digri 95 kabla ya kuunganisha umeme, itakuwa namna gani? Maji ya Butembo yatachemka kabla feni haijaanza! Mtu atasema feni imekufa, na kumbe feni inangoja amri ambayo haitafika kwa wakati. Kwa hiyo tazameni kifuniko kwanza, ni kitu cha bei ndogo.

Hapana kukifungua moteri ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa yakiachiliwa yanageuka mvuke mara moja na kuruka usoni. Zima, ngoja nusu saa au zaidi, funika kitambaa kinene, ndipo ufungue polepole. Vidole visikaribie mabawa: feni ya umeme inaweza kuanza hata moteri imezimwa.

Kisha angalia kiasi cha maji. Mara nyingine fundi huitia swichi ya joto juu, karibu na bomba la maji ya moto. Maji yakipungua, swichi inabaki katika hewa, haisikii joto sawasawa, na feni inakaa kimya wakati moteri inaungua.

Maji yakiwa sawa, chukua waya mbili nene na uunganishe feni moja kwa moja na batri. Ikizunguka, ni nzima, usinunue nyingine. Hakikisha plasi na minasi hazikubadilishana, kwa sababu itazunguka kinyume na kusukuma hewa upande mbaya. Ikiwa feni iko nyuma ya radiateri, weka karatasi mbele ya radiateri: ikivutwa na kunata, mwendo ni mzuri. Tena uliza feni ilitoka wapi. Ya lori la volti 24, ukiitia kwenye gari la volti 12, itazunguka kwa uvivu tu.

Ikiwa ni nzima, fuata umeme kutoka batri: fizibo, rele, swichi, masi. Kwenye rele namba 30 inapokea kutoka batri na 87 inapeleka kwa feni. 85 na 86 ni za kuiamsha. Ukiunganisha swichi ya joto kwa kipande cha waya na feni ikaanza, swichi ndiyo mgonjwa.

Hapa kanuni ya Ohm inaingia. Feni inayokula ampea 15 kwa volti 12 ni wati 180. Waya mwembamba, kwenda na kurudi, ukiwa na ohm 0,1, unapoteza volti 1,5. Masi iliyofungwa juu ya rangi au kutu inaweza kupoteza zaidi. Pima volti kati ya minasi ya batri na minasi ya feni ikiwa inazunguka: ukipata 2 au 3, kwangua chuma mpaka king'ae. Na fizibo ikikatika mara na mara, usitie karatasi ya sigara wala waya wa shaba mahali pake. Waya ndio utakaoungua, na gari pamoja nao.

Ikiwa uko njiani na rele imekufa, unganisha feni na batri kupitia fizibo nzima, iache izunguke daima mpaka Butembo. Ukifika, unapozima moteri, kumbuka kuikata, la sivyo asubuhi batri haitawasha kitu.