Moyo Kutanuka: Unapimwaje, na Majibu Yana Maana Gani?



Ndugu msomaji, wapo wagonjwa wanaotoka hospitalini na karatasi inayosema moyo umetanuka, wasijue umepimwaje. Wakifika nyumbani wanaambiwa ni baridi ya Mafinga au ya Tukuyu, au ni jini, na karatasi inabaki kabatini. Leo tujifunze kuisoma.

Moyo ni msuli wenye vyumba vinne. Chumba cha chini upande wa kushoto ndicho kinachosukuma damu kwenda mwilini. Presha isiyotibiwa, au milango ya moyo iliyoharibika, hukichosha mpaka kikatanuka. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa presha ndiyo chanzo kikuu cha moyo kushindwa kazi kwa wagonjwa waliochunguzwa.

EKSIREI YA KIFUA
Hapa tabibu hupima upana wa moyo, akaulinganisha na upana wa kifua kwa ndani. Kwa mtu mzima, moyo ukizidi nusu ya kifua husemwa ni mkubwa. Lakini eksirei huonyesha kivuli tu. Ukipigwa umelala, au hukuvuta pumzi vizuri, moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Tena maji yaliyozunguka moyo, ambayo kifua kikuu huweza kuyasababisha, hutoa kivuli kama cha moyo uliotanuka. Na tiba zake ni tofauti.

KIPIMO CHA EKO
Hii ni ultrasaundi ya moyo. Hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, hivyo hata mjamzito hupimwa. Mashine hukigawa chumba cha kushoto katika vipande vyembamba, mfano wa chapati zilizopangwa, kubwa chini na ndogo juu. Hujumlisha ujazo wa kila kipande na kupata ujazo wa chumba kizima. Hufanya hivyo mara mbili: chumba kikiwa kimejaa na kikiwa kimekamua. MRI nayo hupima kwa vipande, kwa usahihi zaidi, ila ni ghali.

Tuchukue mfano. Chumba kikijaa kina mililita 120, kikikamua zinabaki 50. Zimetoka 70, sawa na asilimia 58. Huo ni moyo mzima, kwani kawaida ni kati ya 55 na 70. Mwingine una mililita 200 na zinabaki 150. Zimetoka 50 tu, yaani asilimia 25. Umeona? Moyo umekuwa mkubwa, lakini kazi yake imepungua. Chini ya asilimia 40 ni udhaifu unaohitaji dawa za kila siku.

KINA MAMA WALIOJIFUNGUA
Upo ugonjwa wa moyo kutanuka unaoanza mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Mama huvimba miguu, hukosa pumzi akilala chali, huamka usiku akihema. Usimfunike mablanketi ukangoja baridi ipungue. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wengi hupona wakitibiwa mapema. Lakini hata akipona, wewe mume na yeye msipange mimba nyingine kabla ya kurudia eko na kuzungumza na daktari, kwani mimba inayofuata inaweza kumuua.

UFANYE NINI?
Anza kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, ya Kanda Mbeya, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Eko hulazimu kufunua kifua. Dada yetu, usiikimbie kwa sababu ya stara: omba mpimaji mwanamke, omba shuka, nenda na mumeo au mama yako. Uliza asilimia yako, uiandike pamoja na tarehe, ili kipimo kijacho kilinganishwe. Dawa usiziache kwa sababu umepata nafuu. Ramadhani ikikaribia, muulize daktari kabla hujafunga.

Tukutane toleo lijalo, In shaa Allah.