Jina Lililo Kwenye Hati: Kuilinda Familia Yako Ukiwa Bado Hai

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa familia za Matiliku na vijiji vya Nzaui

Kuna mashamba mengi kuizunguka Matiliku yenye miembe na michungwa iliyotunzwa vizuri, lakini hati zake zingali na jina la babu aliyezikwa zamani. Wajukuu wanalima, wanavuna, wanauza maembe yao msimu baada ya msimu, na hakuna hata mmoja wao anayejulikana na msajili wa ardhi. Ugomvi mwingi wa urithi katika sehemu zetu huanzia hapo. Kwa hiyo kabla hatujakuuliza kama umeandika wosia, tunakuuliza jambo la kwanza: shamba unalotaka kuwaachia watoto ni lako kwa karatasi, au ni lako kwa mazoea?

Wosia haugawi kitu kisicho chako. Kama hati ina jina la baba yako, mirathi ya baba lazima ifunguliwe kwanza, na humo wamo ndugu zako wote, pamoja na dada walioolewa Kibwezi au Machakos. Kama ina jina la babu, wamo pia baba zako wakubwa na wadogo, shangazi, na watoto wa waliokwisha kufa. Kila mazishi yanaongeza mirathi nyingine juu ya ile ambayo haijamalizika. Familia inayongoja mpaka mzee wa mwisho afariki haijaepuka gharama. Imewasukumia watoto gharama hiyo, na wakati huo mashahidi wanaojua mipaka hawapo tena.

Anza na karatasi

Fika kwenye ofisi ya usajili wa ardhi mjini Wote ukiwa na namba ya shamba, uombe utafutaji rasmi. Utapewa cheti kinachoonyesha mmiliki aliyesajiliwa, ukubwa wa ardhi, na kama kuna mkopo au kizuizi juu yake. Linganisha jina lililoandikwa humo na lile la kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Wakati wa kupima mashamba, wazee wengi waliandikwa kwa jina moja na la baba, kisha kitambulisho kikaja na jina la ubatizo. Tofauti hiyo husahihishwa kwa urahisi mwenye shamba akiwa hai. Akishakufa, ni kazi ya wakili na viapo.

Weka pamoja hati, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, cheti cha ndoa au uthibitisho wa ndoa ya kimila, na vitabu vya akiba. Mwambie mwenzi wako na mtu mwingine mmoja unayemwamini mahali vilipo.

Wosia wa maandishi na maneno ya mwisho

Katika Ukamba neno la mzazi anayekata roho lina uzito mkubwa, na wengi hulitii kwa kuogopa kiumo, laana ya mzazi. Tunaiheshimu mila hiyo. Lakini Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 1981, imeweka masharti: wosia wa mdomo unasimama tu ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeutamka akafariki ndani ya miezi mitatu. Mzee aliyewaita wanawe mwezi Januari, akapona, akaishi mpaka Desemba, maneno yake ya Januari hayana nguvu tena mahakamani. Askari wa jeshi au baharia wa meli za biashara aliye katika utumishi wa vita, akifariki katika kipindi hicho cha utumishi, ndiye peke yake aliyefunguliwa sharti hilo la muda.

Wosia wa maandishi hauna muda wa kuisha. Mtu mzima yeyote mwenye akili timamu anaweza kuuandika, mume au mke, kwa Kikamba, Kiswahili au Kiingereza, kwenye karatasi ya kawaida. Si lazima uwe na wakili. Kinachotakiwa ni utie sahihi yako au alama ya kidole, na watu wawili wakushuhudie na kutia sahihi zao. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: humwita mke au mtoto awe shahidi. Shahidi aliyeachiwa kitu katika wosia, au ambaye mume au mke wake ameachiwa kitu, hupoteza fungu hilo, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasiorithi chochote. Mwite jirani, mwalimu au mzee wa kanisa, mtu asiye na fungu.

Taja kila mali kwa namba yake. Taja msimamizi utakayemkabidhi kazi, na kama una watoto wadogo, taja mlezi wao, kwa maana Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mzazi ruhusa hiyo. Ukioa au kuolewa baada ya kuandika, wosia wa zamani hufutika, isipokuwa uliuandika ukiitarajia ndoa hiyo. Andika upya.

Usiutumie wosia kumwadhibu mtu. Mke na watoto uliowaacha bila kitu wanaweza kwenda mahakamani kudai fungu la kutosha, na mahakama ina uwezo wa kuubadilisha mgawo wako. Hata mzazi wako uliyekuwa ukimtunza anaweza kudai. Mtoto wa nje ya ndoa ni mtoto wako, na ukimficha atajitokeza siku ya matanga, mama yake akiwa kando yake. Ni afadhali familia imjue kutoka kinywani mwako.

Usipoacha wosia

Sheria itagawa badala yako. Mwenzi aliyebaki huchukua vyombo vya nyumbani viwe vyake, na mali iliyobaki huitumia maisha yake yote, kisha iwaendee watoto kwa usawa. Ardhi hiyo hawezi kuiuza bila idhini ya mahakama.

Penye wake wawili au zaidi, mali hugawanywa kwa nyumba, kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mama yao kama mtu mmoja. Chukua shamba la ekari 8. Nyumba ya kwanza ina mama na watoto wanne, jumla watu watano. Nyumba ya pili ina mama na watoto wawili, jumla watatu. Nyumba ya kwanza itapata ekari 5 na ya pili ekari 3. Wazee wengi hudhani kila nyumba itapata nusu, au kwamba nyumba kubwa ndiyo itakayoamua yote. Kama una mpango mwingine, uandike.

Watoto hapa ni wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa. Mwaka 2005, katika kesi ya familia ya Rono, Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja kwamba binti apewe kidogo kwa kuwa ataolewa kwingine. Katiba ya 2010 ikakaza msimamo huo. Bado tunasikia katika vikao vya ukoo kwamba binti akidai shamba anavunja mila. Binti huyo ndiye mara nyingi aliyemuuguza mzee miaka yake ya mwisho, na kumnyima ni dhuluma.

Wale walioingia katika nyumba kwa ndoa ya iweto, pale mama asiye na mtoto anapooa mwanamke ili nyumba yake isife, wako katika hatari zaidi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua ndoa ya aina hiyo ya jamii ya Wanandi na kumpa haki mrithi. Lakini ndoa ya kimila huthibitishwa kwa ushahidi, na ushahidi hufa na wazee. Mama mwenye iweto asikose wosia.

Pesa zisizo shambani

Akiba ya ushirika, pensheni na bima huwa na fomu ya kutaja mtu atakayelipwa. Wengi waliijaza wakiwa vijana, wakamtaja mama au kaka, kisha wakaoa na kusahau. Chama hulipa aliyeandikwa. Nenda uibadilishe. Pesa za simu na akaunti ambazo hakuna anayezijua hatimaye hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayoshika mali za kifedha zisizodaiwa, na familia huanza kuzifuata huko.

Msiba ukishatokea

Anayeuza ng'ombe, kukodisha ploti au kukata kipande cha shamba la marehemu kabla ya kupewa mamlaka na mahakama anafanya kosa, na anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Na wewe unayenunua kwa mrithi kwa bei rahisi, jihadhari: ardhi ya marehemu haiuzwi kabla cheti cha mirathi hakijathibitishwa.

Njia ya kupata mamlaka hayo iko wazi. Chukua cheti cha kifo, kisha barua ya chifu inayowataja warithi wote. Ombi hupelekwa mahakamani, na Mahakama ya Makueni iko Wote. Mali isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kusikilizwa na hakimu mkuu. Tangazo hutolewa katika gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Penye watoto wadogo, wasimamizi wawe angalau wawili. Kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya cheti cha mirathi kuthibitishwa, kisha ndipo mgawo hufanyika. Makubaliano ya wazee wa ukoo yanaharakisha mambo pale warithi wote, na mabinti wakiwemo, wametia sahihi. Chifu akiacha jina la mtu katika barua, mtu huyo aende mahakamani mapema bila kungoja cheti kitoke.

Mama mjane, usikubali kutoa kitambulisho au hati ya shamba kwa shemeji "akusaidie kufuatilia". Nenda mwenyewe. Sheria inakuweka wewe mbele ya wengine wote katika kuomba usimamizi wa mali ya mumeo.

Na wewe baba au mama uliye na nguvu bado, panga safari ya Wote mwezi huu, uulize shamba lako limeandikwa jina la nani.