Remmy Ongala: Kutoka Dansi Hadi Injili

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Watu huitumia methali hii kwa ubaya, lakini mimi naitumia kwa wema kumweleza marehemu Ramazani Mtoro Ongala, maarufu kama Dakta Remmy.

Asili yake

Remmy alizaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, mashariki mwa Kongo. Baba yake alikuwa mwimbaji na mpiga ngoma, lakini alifariki Remmy akingali mdogo. Mama naye akafariki mwaka 1964. Basi yatima yule akashika gitaa, likawa ndilo jembe lake. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kupiga katika Orchestra Makassy, bendi ya mzee wa ukoo wake. Binti yake, Aziza, naye ni mwanamuziki. Damu si maji!

Kazi yake

Bendi ya Makassy ilipohamia Nairobi, Remmy alijiunga na Super Matimila. Mwaka 1988 walizuru Ulaya na WOMAD, na mwaka 1989 wakatoa albamu ya Songs for the Poor Man. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Remmy aliugua kiharusi. Akaokoka, akaacha dansi na kuimba nyimbo za Injili mpaka alipofariki tarehe 13 Desemba 2010.

Je, za zamani zitupwe?

Hapa ndipo penye ubishi. Kuna wasemao ati mtu akiokoka, nyimbo zake za kwanza ni za shetani, zichomwe. Kwani walizisikiliza kweli? Hebu tuzipime kwa darasa letu la fasihi.

Katika "Kifo" ametumia tashihisi: kifo kinasemwa kama mtu asiye na huruma. Maudhui hayo hata mhubiri huyatumia makaburini. Katika "Mambo kwa Soksi" ametumia tafsida. Soksi ni mpira wa kondomu, na wimbo unaonya juu ya UKIMWI wakati ambapo wengi waliona haya kuutaja. "Sauti ya Mnyonge" nayo inamtetea maskini, na kumtetea maskini ni jambo ambalo vitabu vya dini vyote vinaamrisha.

Kwa maoni yangu, Remmy alibadilisha mahali pa kuimbia na aliyemtegemea. Huruma yake kwa wanyonge ilikuwapo tangu zamani. Mwenye kuchoma kanda zile atachoma mawaidha pamoja na dansi.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya tashihisi na tafsida. Toa mfano wa kila moja.
2. Taja methali nyingine mbili zinazohusu mtoto kufuata wazazi wake.
3. "Wimbo hupimwa kwa maneno yake, si kwa mahali unapopigwa." Jadili.