Waliopona Wanaposimulia: Namna ya Kusoma Kumbukumbu za Mateso

Adrien Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866, kandokando ya Mto Niger, si mbali na Timbuktu. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, kisha mapadri wa White Fathers wakamkomboa huko Algeria. Walimpeleka Malta kusomea udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956, na aliacha kumbukumbu alizoziandika mwenyewe.

Habari hii ikisomwa Lalago, Usukumani, katika msimu ambao mvua imekatika na pamba imenyaukia shambani, hakosi mtu wa kusema: "Unaona? Yule aliuzwa utumwani na akawa daktari. Wewe unalia nini?" Anayesema hivyo ameigeuza kumbukumbu kuwa fimbo. Mkataze. Mateso ya mtu mmoja si kipimo cha machozi ya mwingine. Tena walioandika ni waliopona. Katika misafara ya watumwa wengi walifia njiani, na miongoni mwao walikuwamo wenye bidii na akili zisizopungua za Atiman.

Basi unaposoma, itafute kwanza mikono iliyomshika mwandishi. Ujasiri wa Atiman ulikuwa wa kweli, lakini kulikuwa na aliyelipa fedha za kumkomboa, walimu waliomfundisha, na miaka ya masomo ambayo hakudaiwa kuilisha familia. Chukua kalamu, uorodheshe waliomsaidia. Kisha jiulize ni nani kijijini kwako anayengoja mkono kama huo: mtoto aliyefaulu na hana sare, au mjane ambaye shamba lake halijalimwa na mvua za kwanza zimeshanyesha.

Halafu tazama mwandishi alifanya nini na uchungu wake. Hapa hakuna ninayempenda kuliko Shaaban Robert, katika "Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini". Alifiwa na mkewe Amina, akabaki na watoto. Alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, ili wapate mawaidha ya kuwafaa maishani. Msiba haukumwisha, ila aliupa kazi ya kufanya. Mzazi asiyejua kutunga shairi anaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja katika daftari la shule. Asiyejua kuandika anaweza kumwambia mjukuu amwandikie.

Angalia pia anayesimulia alisimama upande gani. "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, kinaeleza maisha ya waliokombolewa na kuwekwa Freretown, Mombasa. Kinawasifu sana Waingereza, na si ajabu, kwa kuwa jamii ile ililelewa na misheni. Kisome kwa heshima, kisha utafute na simulizi nyingine.

Kumbukumbu nyingi za Usukumani bado zimo vifuani mwa wazee. Ukimwendea bibi au babu, msalimu, keti, mpe muda. Usianze na "nieleze shida zako". Anza na kitu: jembe la kukokotwa na ng'ombe, godauni la ushirika, njia ya kwenda kisimani. Mwaka asipoukumbuka, mpe alama: mvua kubwa za 1961, Azimio la Arusha la 1967, Operesheni Vijiji ya 1974, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Muulize walikula nini chakula kilipokwisha, na nani aliwagawia. Hayo ndiyo majibu yanayofaa njaa nyingine ikibisha hodi.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu. Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, acha maswali, na usiondoke upesi. Rudi kesho kumjulia hali tu. Ikiwa anayesimulia ni mtoto na mateso anayoyataja yanaendelea hadi leo, hiyo si kumbukumbu ya kuandika: mpeleke kwa ofisa ustawi wa jamii au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo ni bure. Kwa mzee, ukimaliza msomee ulichoandika, tena kwa Kisukuma kama ndiyo lugha aliyokusimulia. Jina atakalotaka lifutwe, lifute palepale mbele yake.