Bonasi, Pombe na Pikipiki: Kwa Vijana wa Kericho na Bomet

Vijana wengi wa huku hawana gari. Wana pikipiki ya kaka, ya binamu, au ya jirani anayebeba abiria Litein au Silibwet. Bonasi ya majani chai ikilipwa, kwa kawaida Oktoba, wenye mashamba hujipongeza. Desemba wavulana hutoka jandoni na kila kilima kina sherehe yake. Busaa ipo, chang'aa haikosi, na usiku watu lazima warudi nyumbani.

Pombe hulegeza akili kabla ya kulegeza miguu, ndiyo maana aliyeonja kidogo hujiona fundi wa barabara. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja tu kushika breki, mita hizo zimeshapita. Ongeza ukungu, lami iliyolowa mvua ya alasiri, tope la magurudumu ya lori la majani, na trekta lisilo na taa za nyuma.

Kahawa haisaidii, wala maji baridi, wala supu. Supu ni tamu, lakini ini lina mwendo wake. Aliyelewa hadi saa nane usiku anaweza kuamka alfajiri pombe ikiwa bado mwilini.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Anayeendesha akiwa amelewa hukabiliwa na faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Alkoblo, kipima pumzi cha polisi, hunasa anayezidi mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Usifanye hesabu ya kukaa chini ya hapo: kwa madereva wapya, Shirika la Afya Duniani hupendekeza takriban robo ya kiwango hicho. Na chang'aa, nani ameipima nguvu?

Shida kubwa ni ya abiria. Aliyekuleta ni mkubwa wako, amewasha injini, wenzako wawili wameshapanda mshikaki, wewe tu ndiye unayengojwa. Usibishane naye kuhusu ulevi. Ukimwambia amelewa mbele ya watu, ataondoka kwa hasira na mwendo mkali zaidi. Mwambie, "Kaka, tangulia, mimi nalala kwa shangazi." Uongo wa namna hiyo unaruhusiwa. Wenzako nao wavute mkono washuke. Bora zaidi, kabla ya kutoka nyumbani kubalianeni nani hatagusa pombe, na nauli ya kurudi ikae katika mfuko wa peke yake, mbali na pesa za soda.

Mzazi, mtoto akikupigia saa tano usiku, tafuta namna ya kumfuata. Maswali yangoje asubuhi, la sivyo safari nyingine hatapiga.

Kama kuna mtu nyumbani ambaye pombe imemshinda, piga simu kwa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nambari 1192. Ni bure.