Jina la Kampuni: Litafute Kabla ya Kuchora Bango

Mwongozo kwa wanaoanza biashara Sekei, Sanawari, Kijenge na maeneo mengine ya Jiji la Arusha

Mlima Meru hauna mwenyewe. Hoteli kubwa iliyo kando ya Barabara ya Moshi inaitwa Mount Meru, hospitali ya rufaa ya mkoa inaitwa Mount Meru, na watengenezaji wa mafuta ya kula, Mount Meru Millers, nao wamechukua jina hilohilo. Mgonjwa haendi hotelini kutafuta daktari, wala anayenunua dumu la mafuta hadhani kwamba analipia chumba. Shughuli zimetengana, ndiyo maana majina yanakaa pamoja bila kugombana. Taabu huanza pale mtu wa tatu, wa nne na wa kumi wote wanapotaka kupeleka wageni porini, wote wanapenda neno Meru, na wote wanaweka Safaris mwishoni.

Kijitabu hiki ni cha yule ambaye bado hajalipa chochote: hajachonga mhuri, hajabandika stika kwenye mlango wa Land Cruiser, hajachapisha fulana. Tunachotaka akijue ni kwamba jina kutoonekana kwenye mfumo wa usajili hakumaanishi kwamba ni lako. Anayeamua ni Msajili, na Msajili haulizi tu kama kuna jina linalolingana na lako herufi kwa herufi. Anauliza pia kama mteja wa kawaida anaweza kuchanganya.

Neno linalobeba jina

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 (Sura ya 212) inamkataza Msajili kukubali jina lililo sawa na lililokwisha kusajiliwa, au linalofanana nalo kupita kiasi, au lisilofaa. Ili ujue jina lako litaangaliwaje, lichambue mwenyewe. Tuseme dada mmoja wa Sekei anataka kuuza kahawa ya kukaanga inayolimwa kwenye miteremko ya mlima, na amependa "Meru Coffee Tanzania Limited". Ondoa Limited, kwa kuwa kila kampuni yenye ukomo wa dhima inalo. Ondoa Tanzania, inayoonyesha nchi tu. Ondoa Coffee, ambayo ni bidhaa yenyewe. Limebaki Meru, na Meru ni ya wote. Jina zima lina maneno manne na hakuna hata moja linalomtenga dada huyu na jirani yake anayekaanga kahawa hiyohiyo.

Sasa aongeze neno lake. Akisema "Mchi wa Meru Coffee Limited", neno Mchi ndilo linabeba jina, na Meru inabaki kueleza kahawa inatoka wapi. (Huu ni mfano tu. Usilichukue kabla ya kulitafuta, huenda lina mwenyewe.)

Hali ni hiyohiyo kwa Kilimanjaro, Serengeti, Ngorongoro, Simba, Tembo na Tanzanite. Hilo la mwisho lina historia ya kuvutia: jiwe lilipatikana Mirerani mwaka 1967, na jina la Tanzanite likatolewa mwaka uliofuata na Tiffany, duka la vito la New York, kwa sababu za kibiashara kabisa. Leo ni neno la kila mtu, kuanzia sonara hadi saluni. Kulitumia si kosa, ila usitarajie kwamba litakutofautisha.

Meru ina tatizo jingine ambalo wengi hawalifikirii mpaka wageni wanapoanza kuandika barua pepe za kuchanganyikiwa. Kenya wana mji wa Meru, Kaunti ya Meru na Hifadhi ya Taifa ya Meru. Mlima Meru wetu uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mgeni wa Ujerumani akiandika Meru na safari kwenye simu yake, huenda akaletewa hifadhi iliyo upande wa pili wa mpaka wa Namanga. Kwa muuza mbogamboga hilo halina uzito. Kwa anayetegemea wageni wanaotafuta kampuni kupitia intaneti, lina uzito kuliko uzuri wa neno.

Litamke jina kwa simu, mtandao ukiwa mbaya, kwa mtu asiyelijua, kisha mwambie aliandike. Akikosea mara mbili, litafakari upya. Majina yenye ng' ni matamu mdomoni, lakini alama ile ya juu hupotea kwenye anwani ya barua pepe na kwenye anwani ya tovuti ya co.tz, na neno likageuka lingine. Ukichukua neno la Kimaasai au la Kimeru, muulize mzee anayeijua lugha hiyo barabara. Na jina la jamii yenyewe litumie kwa staha: Wamaasai wa Kenya na Tanzania wamewahi kuunda mpango wa kudai haki juu ya jina na nembo za utamaduni wao zinazotumiwa na kampuni za nje.

Namna ya kutafuta

Usajili wa kampuni Tanzania Bara uko chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ulioanza kazi mwaka 1999. Tangu 2018 maombi hupitia mfumo wa mtandao unaojulikana kwa kifupi kama ORS. Unafungua akaunti kwa namba yako ya kitambulisho cha Taifa cha NIDA, kisha unaweza kutafuta majina na kutuma maombi ukiwa nyumbani.

Wengi huandika jina lao zima, wanaona hakuna kitu, wanashangilia. Huko si kutafuta. Andika lile neno moja linalobeba jina, peke yake, uone lina wangapi. Kisha liandike kwa makosa: badili k iwe c, ks iwe x, unganisha maneno mawili, yatenganishe, ongeza s ya wingi, ondoa h. Aliyeandika "Safariz" kwa z hajatoka mbali na aliyeandika kwa s. Masikioni ni kitu kimoja. Ukikuta kampuni yenye neno lako, angalia inafanya nini. Ikiwa inauza saruji na wewe unafungua shule ya awali, bado kuna la kuzungumza. Ikiwa ni kazi yako hiyohiyo, achana nalo, hata kama una hakika ungeweza kupenya.

Tafuta pia upande wa majina ya biashara, yanayosajiliwa kwa sheria nyingine, Sura ya 213. Hapa watu huchanganya sana. Jina la biashara halizai mtu mpya kisheria: duka likidaiwa, unadaiwa wewe. Kampuni ni mtu kisheria, inamiliki, inadai na inadaiwa kwa jina lake. Kama shughuli yako ni ndogo na uko peke yako, huenda jina la biashara linakutosha kwa sasa, na gharama yake ni nafuu.

Uwe na majina matatu kabla ya kuanza, na yote matatu uwe unayapenda kweli. Jina la pili lililowekwa kujaza nafasi ndilo mara nyingi huishia kuwa jina la kampuni kwa miaka 20. Jina unaweza kuomba lihifadhiwe wakati ukiandaa katiba ya kampuni na taarifa za wanahisa na wakurugenzi, lakini uhifadhi huo una ukomo. Ukipita, wengine wanaruhusiwa kuliomba.

Daftari si moja

Kusajili kampuni hakukupi haki ya pekee juu ya jina kama chapa ya bidhaa. Alama za biashara zina sheria yake, ya mwaka 1986, ingawa nazo husajiliwa BRELA. Zimepangwa katika madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma: kahawa iko daraja la 30, kupanga safari daraja la 39, malazi na chakula daraja la 43. Alama ikisajiliwa hulindwa kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Maana yake kwa dada wa kahawa ni hii: anaweza kupewa cheti cha kampuni leo, na kesho mwenye chapa ya kahawa inayofanana akamzuia kuiandika kwenye pakiti. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha pakiti atafute alama za daraja la 30, si orodha ya kampuni pekee.

Kampuni za utalii za Arusha huuza Serengeti siku nne na Zanzibar siku tatu kwa bei moja. Zanzibar ina msajili wake, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), na ina sheria yake ya alama. Usajili wa Bara hauvuki bahari. Hauvuki Namanga pia: Kenya na Uganda kila moja ina daftari lake. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa hapa mjini, lakini hakuna daftari moja la majina ya kampuni kwa Jumuiya nzima.

Maneno yenye wenyewe

Yapo maneno yasiyochukuliwa hivihivi. Benki haiitwi benki bila Benki Kuu, wala bima bila mamlaka ya usimamizi wa bima. Jina na nembo ya Msalaba Mwekundu vinalindwa na mikataba ya kimataifa. Jina linalomfanya mtu adhani kwamba wewe ni taasisi ya Serikali litakurudia. Ushirika husajiliwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwa hiyo kikundi cha wakulima kinachotaka kuitwa hivyo kianzie huko. Na wenye kampuni za utalii wanaofungua mfuko wa kusaidia shule za kijijini wajue kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, shughuli za namna hiyo ni za Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali.

Steshenari na vishoka

Vijana wa steshenari wanaojaza maombi ya ORS kwa malipo wengi ni waaminifu na wana kasi. Hata hivyo, akaunti ifunguliwe kwa NIDA yako, barua pepe yako na namba yako ya simu. Ikifunguliwa kwa za kijana, ndiye atakayepokea ujumbe wote wa Msajili, na siku akihamia Dodoma utakuwa mgeni kwenye kampuni yako. Malipo yafanywe kwa kontrol namba inayotolewa na mfumo. Anayekwambia umtumie yeye ili "akusukumie jina" ni kishoka.

Soma tahajia ya jina herufi moja moja kabla ya kutuma. Kosa likiingia kwenye cheti, litaingia kwenye TIN, akaunti ya benki, risiti za EFD, leseni ya halmashauri na leseni ya utalii, na benki hawana mchezo na herufi iliyozidi.

Likikataliwa, au likisajiliwa kimakosa

Soma sababu uliyopewa. Ikiwa ni kufanana, kuongeza "Group" au "2000" hakutasaidia. Badili lile neno linalobeba. Wapo wanaoendelea kulituma jina lilelile kwa tahajia mpya kila wiki, huku mwenye nyumba akiendelea kudai kodi ya ofisi.

Jina lililokwisha kusajiliwa nalo si salama moja kwa moja. Ikigundulika kwamba linafanana mno na la aliyetangulia, Msajili anaweza kuielekeza kampuni ilibadilishe. Ukitaka kulibadili kwa hiari, wanahisa hupitisha azimio maalumu, kwa robo tatu ya kura, na Msajili akikubali hutoa cheti cha mabadiliko ya jina. Kampuni inabaki ileile: mikataba yake, kesi zake na mikopo yake inaendelea, hata kama bango limebadilika.

Maswali ya jina, cheti na alama ya biashara yapelekwe BRELA. Ya leseni inayotolewa na halmashauri, mwone afisa biashara wa halmashauri ilipo ofisi yako, ukiwa na cheti cha usajili na TIN mkononi.