SOMO: JE, KUWEKA MLINZI MLANGONI NI KUKOSA IMANI?

Masomo ya kusoma nyumbani: Ezra 8:21-34, Nehemia 2:1-16 na 4:7-23, Matendo 23:12-35



Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wanapopiga simu hutusimulia mengi, na jambo moja limezua maneno katika vikundi vya maombi: kwamba serikali ya kule huyapa makanisa pesa za ulinzi. Wengine wanauliza, ni kanisa gani hilo linaloomba kamera badala ya kufunga na kuomba? Wengine wanauliza kwa nini pesa hizo hazitumwi huku, ambako mlango wa kanisa hauna hata kufuli. Maswali yote mawili ni ya haki.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Marekani ilianzisha mpango huo mwaka 2005, kwa dola milioni 25. Unasimamiwa na FEMA, idara ya maafa iliyo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Ruzuku hiyo si ya makanisa peke yake. Misikiti, masinagogi, mahekalu ya Masingasinga, shule na zahanati zisizo za biashara, wote huweza kuomba, mradi waonyeshe kwamba wako katika hatari ya kushambuliwa. (Kama kuna anayeona vibaya kwamba msikiti nao hupewa, na akumbuke kwamba mama wa Kiislamu hulilia mtoto wake kama sisi.) Mwaka 2023 mpango ulifikia dola milioni 305, na jengo moja liliweza kuomba hadi dola 150,000.

Sababu ya pesa kuongezeka ni ya huzuni. Mwaka 2012 watu 6 waliuawa kwa risasi katika hekalu la Masingasinga huko Oak Creek. Mwaka 2015 Wakristo 9 waliuawa Charleston wakiwa katika somo la Biblia, na muuaji alikuwa amekaribishwa akaketi nao. Mwaka 2018 Wayahudi 11 waliuawa katika sinagogi huko Pittsburgh. Sisi tuliotoka Kongo hatuhitaji kuelezwa sana. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, Kivu ya Kaskazini, watu wakiwa ibadani, na zaidi ya 10 walikufa.

Sasa kwa wale wanaotazamia kutumiwa kitu. Fedha hizo hazigawiwi mkononi. Kanisa hupeleka maombi kwa ofisi ya jimbo lake, likiambatanisha ripoti ya ukaguzi inayoonyesha udhaifu wa jengo: mlango upi haufungi, upande upi hauna taa, nani anaingia bila kuonekana. Likikubaliwa, mara nyingi hutangulia kulipa fundi kwa pesa zake lenyewe, kisha hurudishiwa kwa kuonyesha risiti. Linalipiwa kile kilichokubaliwa tu, kama uzio, taa, kamera, milango imara au mafunzo. Waombaji ni wengi kuliko pesa, na wengi hukosa. Kwa hiyo mchungaji wa kule akikwambia hawezi kukutumia hata dola moja ya fungu hilo, hakudanganyi. Na mtu akipita hapa kambini akisema anaandikisha makanisa yetu kwa pesa hizo, na kwamba fomu inalipiwa, huyo ndiye mdanganyifu. Msimpe kitu, na wazee wa kanisa waambiwe siku hiyohiyo.

Tuje kwenye swali zito, lile la imani. Wanaopinga ulinzi hupenda kumtaja Ezra, nao wana haki ya kumtaja. Penye mto Ahava aliona haya kumwomba mfalme askari na wapanda farasi, kwa sababu alikwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu u juu ya wamtafutao. Akatangaza kufunga, wakasafiri bila askari, wakafika salama.

Lakini miaka 13 baadaye, chini ya mfalme yuleyule Artashasta, Nehemia alifanya vingine. Aliomba barua kwa maliwali, akaomba na miti kutoka msitu wa mfalme kwa ajili ya malango. Mfalme akampa na maakida wa jeshi na wapanda farasi, na hatusomi popote kwamba aliwarudisha. Adui walipofanya shauri la kuushambulia Yerusalemu, watu waliomba na wakaweka walinzi mchana na usiku, yote mawili katika mstari mmoja, 4:9. Biblia haimlaumu Ezra wala haimlaumu Nehemia. Ezra alikuwa ametoa ushuhuda fulani mbele ya mfalme, akauheshimu. Nehemia hakuwa na kifungo hicho. Mimi naona kosa letu ni kuchukua dhamiri ya mmoja na kuifanya sheria ya wote.

Tena tumwangalie Paulo. Watu zaidi ya 40 walikula kiapo cha kumwua. Mtoto wa dada yake akasikia, akaenda kusema, na jemadari akamtoa mtume usiku, saa tatu, akiwa na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Paulo alikuwa ameahidiwa na Bwana usiku wa kuamkia siku hiyo kwamba atafika Rumi. Ahadi alikuwa nayo, na bado alimtuma kijana kwa jemadari.

Watu husahau jambo jingine la Nehemia. Kabla ya kuwaambia watu wajenge, alizunguka ukuta usiku na watu wachache, akatazama palipobomoka. Ukaguzi huo hauna gharama, na sisi tunaweza kuufanya Jumapili hii baada ya ibada. Kanisa letu lina mlango mmoja. Watoto wa shule ya Jumapili hukaa mbali nao kabisa, upande wa ukuta wa tofali mbichi. Moto ukishika turubai, au watu wakikimbia kwa hofu, hao wadogo watatokea wapi? Mlango wa pili ni bora kuliko kufuli kubwa. Silaha haturuhusiwi, wala hatuzitafuti. Filimbi moja, tochi mbili, watu wawili wa zamu nje, na namba ya simu ya sungusungu na ya kituo cha polisi: hayo tunayaweza kwa sadaka yetu.

Wa zamu wawe watu wa namna gani? Tarehe 15 Januari 2022, huko Colleyville, Texas, mgeni alibisha kwenye sinagogi wakati wa baridi. Rabi alimfungulia, akampikia chai. Mgeni alikuwa na bastola, akawashika watu 4 mateka kwa muda wa saa 11 hivi. Mmoja aliachiliwa mapema. Kisha rabi, aliyekuwa amepata mafunzo ya usalama, akamtupia kiti, na waliobaki wakatoka mlangoni mbio. Wote walipona. Wengine watasema kosa lilikuwa ile chai. Mimi sikubali. Sisi sote hapa tulifika siku moja hatujulikani, nguo za njiani, na mtu akatufungulia. Mlinzi wa kanisa amsalimu mgeni, amwulize jina na kijiji alichofikia, amketishe karibu na mwenyeji. Mwenye shari hapendi kuulizwa jina, naye mkimbizi mpya hulifurahia swali hilo.

Maswali ya vikundi vya nyumbani: Je, kuna ahadi tuliyoitoa mbele za watu, kama Ezra, inayotufunga katika jambo hili? Kijana akisikia neno baya kama yule mpwa wa Paulo, hapa kwetu atamwambia nani, na huyo mtu atamsikiliza? Na fedha za mlango wa pili, nani atazihesabu wakati wa kutoa na wakati wa kupokea, kama makuhani walivyopima fedha mara mbili katika Ezra 8? Majibu yaletwe kwa katibu wa kanisa kabla ya kikao cha wazee.